Gari la Malazi



Mama yetu ametimiza miaka 76, na kwa muda wa miaka minne hakumtia machoni bintiye aliyeolewa Kitui. Si kwamba hakutaka. Basi la usiku humkalisha kitako saa nyingi, hali ya kuwa mgongo wake hauvumilii zaidi ya saa mbili. Na haja zake, kama za wazee wengi wenye maradhi ya sukari, hazingoji kituo. Katika safari yake ya mwisho alijinyima maji tangu Mombasa hadi Kibwezi ili asiwasumbue abiria wenzake, akafika kwa bintiye akiwa hoi, akalazwa hospitalini siku tatu. Tangu hapo kila akitajiwa Kitui husema ule ni mji wa wenye migongo. Wajukuu wake pacha wakazaliwa, wakatambaa, wakasimama dede, naye akiwajua kwa picha za simu tu.

Hilo ndilo lililotufanya sisi binti zake wawili tuliobaki Mombasa, pamoja na kaka yetu, tuanze kutafuta gari la malazi, yaani gari dogo lenye kitanda, meko, maji na pazia, ambalo mtu mzima aweza kujinyoosha ndani yake, akapata haja zake kwa sitara, akatia udhu na kusali. Ulaya magari ya namna hiyo huundwa viwandani. Hapa kwetu ni nadra, lakini lina ndugu yake wa karibu ambaye kila mtu wa Pwani amemwona akielekea Tsavo: ile HiAce ya watalii yenye paa la kuinuka. Kaka yetu aliwahi kuwaendesha watalii, naye ndiye aliyetukumbusha kwamba magari hayo yakichakaa huuzwa, na baadhi ya wanunuzi huyang'oa viti wakayatengeneza upya. Paa lile lilitupendeza kwa sababu isiyowapitikia watalii. Likiinuliwa, mwanamke aweza kusimama wima akasali, akavaa na kuvua bila kujikunja.

Msomaji wa Mombasa atauliza mbona hatukuteremka bandarini, kunakoshushwa magari ya Japani kila juma. Kanuni ya Shirika la Viwango la Kenya haikubali kuingizwa nchini gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na HiAce yenye umri wa chini ya hapo, bei yake ilikuwa mbali mno na mfuko wetu. Fedha tulizokuwa nazo zilitokana na kikundi cha akina mama tuliochangiana kwa miaka sita, na mkopo wa riba hatukuutaka. Hivyo ilitubidi tutafute gari kuukuu lililokuwamo nchini tayari. Umri wake si siri: gari lenye namba inayoanza na KA lilisajiliwa kabla ya namba za KB kuanza mwaka 2007, na zile za KC zikafuata mwaka 2014.

Wala hatukulitafuta Pwani. Fundi wetu wa Mombasa, mtu mzima aliyefungua injini za HiAce tangu ujana wake, alituambia neno moja likatosha. Gari la Pwani huliwa na chumvi, alisema, na gari la Ukambani huliwa na barabara. Barabara huharibu vitu vinavyofungwa kwa nati, lakini chumvi huharibu chuma chenyewe, na chuma hakina spea. Tukafuatana naye na kaka yetu hadi Makueni.

Gari la kwanza lilikuwa Emali, kando ya barabara kuu, katika uwanja mmoja wa kuuzia magari. Lilikuwa jeupe linalong'aa, limevishwa viti vya ngozi ya bandia, na ndani mlikuwa na kitanda chenye shuka jipya, meko ya gesi na hata chombo cha maua. Dalali alitupokea kwa heshima. "Karibuni akina mama. Hii ilikuwa ya mzungu, imetunzwa kama yai." Twakiri kwamba sisi akina mama tulivutwa. Dada yetu alikwisha kukaa kitandani na kuanza kupima pazia kwa shubiri.

Fundi hakuingia ndani. Alikwenda mbele akaweka kiganja chake karibu na kiti cha dereva, kwani injini ya HiAce za zamani iko chini ya viti vya mbele, akatutazama. Kulikuwa na joto. Gari lilikuwa limewashwa kabla hatujafika, nasi tulikuwa tumemwambia dalali kwa simu asiliguse. Injini iliyopata moto huficha mengi. Moshi wa buluu wa asubuhi, ambao ni dalili kwamba injini inakula oili, huwa umekwisha. Na mlio wa kuamka kwa shida hausikiki tena.

Kisha akatoa sumaku ndogo aliyoizungushia kitambaa ili isikwaruze rangi, akaipitisha taratibu chini ya milango, kwenye kingo za paa na juu ya magurudumu. Penye chuma sumaku hushika. Katika vizingiti vya milango ya upande wa kushoto ilianguka mara tatu mkononi mwake, maana chini ya ile rangi nzuri mlikuwa na puti tupu. Sumaku hiyo haigharimu kitu, na mwanamke yeyote aweza kuibeba katika mkoba wake.

Baada ya hapo tuliona wenyewe, kwa sababu macho yalikuwa yamefunguka. Tuliondoa godoro. Ubao uliokuwa chini yake ulikuwa umepakwa rangi mpya, lakini ulipobonyezwa kwa kidole gumba ulibonyea kama mkate uliorowa chai. Harufu ya uvundo, iliyokuwa imefunikwa na manukato, ikapanda. Tuliomba paa liinuliwe. Dalali akasema lisiguswe kwa sababu ya mvua, na mbingu ya Emali siku ile haikuwa na wingu. Fundi alipopanda ngazi aliona paa limebandikwa kwa gundi pande zote. Lilikuwa likivuja, na badala ya kubadilishwa mpira wake, lilizibwa milele. Kwa hiyo kile kitu kimoja kilichotupeleka kwenye gari la namna hiyo hakikuwapo.

Lakini lililotutia hofu zaidi ni mtungi wa gesi. Ulikuwa umefungiwa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, pasipo tundu lolote la kutokea hewa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, bali hushuka na kutuama sakafuni kama maji, ikingoja cheche. Mtungi katika gari la malazi hukaa katika sanduku lake lililotengwa na chumba, lenye tundu chini linalotoka nje, na mpira wake hupakwa povu la sabuni kila mara ili kuona kama kuna mapovu yanayofura. Na kwa kuwa tumelifikia jambo hili, tuliseme na la pili: jiko la makaa lisiingizwe kamwe ndani ya gari lililofungwa, hata likiwa linakaribia kuzima, hata baridi iwe kali kiasi gani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na anayelala nayo huenda asiamke.

Dalali alipoona tunarudisha godoro alituambia kuna mteja mwingine yuko njiani na fedha taslimu. Kaka yetu akamtakia heri mteja huyo.

Tulirudi tulikotoka hadi Makindu. Hapo pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambalo hadi leo humpa msafiri chakula bila malipo, wala haulizwi dini yake. Chakula chenyewe ni cha nafaka na mboga. Tulikula dengu na chapati, tukatafuta mahali pa kusali, tukajumuisha Adhuhuri na Alasiri kwa qasri, kisha tukashika njia ya Kibwezi kuelekea Kitui. Siku hizi njia hiyo ni ya lami, huvuka mto Athi na kupita Ikutha na Mutomo, na mito mingine mingi unayoivuka ni mchanga mtupu mpaka mvua inyeshe. Wakamba walipita nchi hii kwa miguu kuja kwetu kabla ya reli, wakileta pembe na kurudi na nguo na shanga. Kivoi wa Kitui alikuwa mfanyabiashara aliyejulikana hata Mombasa, na Krapf alipofika Ukambani mwaka 1849 alikwenda kwake. Twaitaja habari hiyo ya misafara kwa sababu itarudi mbele ya maelezo haya.

Gari la pili tuliambiwa habari zake na mume wa dada yetu. Lilikuwa nje kidogo ya mji wa Kitui, chini ya mwembe, limefunikwa turubai lililojaa vumbi na majani. Mwenyewe alikuwa dereva wa watalii. Kampuni yake ilipoyauza magari yake ya zamani mwaka 2015, alilinunua lile alilokuwa akiliendesha, akaling'oa viti vya nyuma na kulitengeneza kwa mikono yake ili astaafu nalo. Alifariki mwaka mmoja kabla ya sisi kufika. Mjane wake, mwalimu wa shule ya msingi, alitupokea pamoja na watoto wake watatu, mkubwa wao akiwa kidato cha pili.

Halikuwa na uzuri wowote. Rangi yake ilikuwa imepauka, na bampa la mbele lilikuwa limefungwa kwa waya. Lakini injini ilikuwa baridi kama jiwe. Fundi alifungua kifuniko cha oili akakitazama kwa ndani: hapakuwa na ule utando wa rangi ya maziwa unaoonyesha kwamba maji yameingia katika oili. Akamwomba mwana mkubwa aliwashe. Betri ilikuwa imekufa, ikaazimwa ya jirani. Injini ya 5L ya dizeli, isiyo na tabo wala kompyuta, ikakohoa mara mbili, ikatoa moshi mweusi kidogo, kisha ikatulia. Fundi hakusema kitu, ila tulimwona akitabasamu peke yake.

Sumaku ilishika kila mahali. Kutu ilikuwapo, lakini ilikuwa ya juu, ya kukwanguliwa. Paa liliinuka kwa mlio wa malalamiko. Marehemu alikuwa ameshona turubai nene pande zote nne, na madirisha ya wavu wa mbu yanayofungwa kwa zipu. Mpira wa paa ulikuwa umekauka na kupasuka, nao hubadilishwa. Ubao chini ya godoro ulikuwa mkavu na mgumu. Mtungi wa gesi ulikuwa nyuma, katika sanduku la chuma lenye tundu chini. Magurudumu yalionekana yana meno mazuri, lakini ubavuni yalikuwa na tarakimu 1114, maana yake yalitengenezwa juma la 11 la mwaka 2014, na mpira wa umri huo hauaminiki hata kama haujatembea. Shoki zote zilikuwa zimekufa, na bushi pia. Barabara ilikuwa imekula fungu lake, kama alivyosema fundi.

Tulikuwa bado tunainama chini ya gari mjane aliposema, "Kuna jambo hamjaliona. Gia ya tatu huchomoka mkiwa mnateremka mlima. Mume wangu alikuwa akiishikilia kwa mkono. Alikuwa akipanga kuitengeneza." Hakuna aliyemwuliza. Gari lisingeweza kuendeshwa siku ile kwa kukosa bima, na gia hiyo tusingeijua hadi tuwe mteremko wa kwanza, na mama yetu kitandani.

Ndugu wasomaji, sisi tumefundishwa madrasa kwamba mwuzaji hubainisha aibu ya bidhaa yake, na kwamba mnunuzi aliyefichwa aibu ana hiari ya kurudisha. Mama huyu si Mwislamu wala hakusoma fiqhi ya biashara. Akabainisha, na akataja bei yake: laki tatu.

Fundi alituvuta kando. Alisema kwa gari lile, pamoja na giaboksi lake bovu, mtu wa Nairobi angetoa laki tano siku hiyo hiyo. "Lakini nyinyi ndio wanunuzi," akasema, "na mimi ni fundi wenu."

Tulinyamaza kitambo. Laki mbili si fedha ndogo kwetu; ni magurudumu manne, shoki, giaboksi na chenji. Kaka yetu alikuwa wa kwanza kusema kwamba bei ameitaja mwenyewe kwa hiari yake, na kununua kwa rahisi si haramu. Hilo ni kweli, na hatukumlaumu. Lakini dada yetu wa Kitui, ambaye siku zote ni mpole, akatukumbusha katazo la Mtume, rehema na amani zimshukie, la kuwatokea wenye misafara njiani na kununua mali yao kabla hawajafika sokoni wakaijua bei. Mama huyu hakuwa amefika sokoni. Sisi ndio tuliokuja hadi chini ya mwembe wake.

Tukamwambia. Hakuamini kwanza, akadhani ni namna mpya ya utapeli, na hatumshangai, kwani ni mnunuzi gani anayepandisha bei? Baadaye fundi alimfafanulia kitu kwa kitu, naye akapiga simu kwa shemeji yake mdogo, ndugu wa marehemu, akaja. Tukakubaliana kwa maneno laki nne na nusu.

Kisha tukaomba kuiona logibuku, na hapo ndipo safari yetu ilipokwama.

Jina lililokuwamo ni la marehemu. Mjane hakuwa amefungua kesi ya mirathi, kwa sababu alidhani mirathi ni ya wenye mashamba makubwa. Kijana mmoja wa mjini, anayewasaidia watu na mambo ya karatasi, aliitwa, akasema jambo hilo ni la dakika kumi. Siku hizi uhamisho wa gari hufanyika katika mtandao wa serikali wa eCitizen. Laini ya simu ya marehemu bado ilikuwa hewani, mjane anaiweka kwa sababu picha zote zimo humo. Namba ya siri itaingia katika simu hiyo, kijana akasema, tunabonyeza, na marehemu atakuwa amewauzia gari.

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayeeleza njia ya mkato ya kwenda sokoni. Mjane alikuwa ameishika ile simu mkononi. Mtoto mkubwa alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

Tukakataa. Sheria ya Urithi ya Kenya, katika kifungu chake cha 45, hukataza mtu yeyote kuishughulikia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama, na kosa hilo lina faini na kifungo. Lakini tuseme kweli, hatukuikumbuka sheria kwanza. Tulimkumbuka yule mtoto wa mlangoni. Gari lile lilikuwa na fungu lake na la wadogo zake, na yatima hatuulizi dini yake kabla ya kuogopa mali yake. Fedha ambazo angepewa mama yao siku ile zingeweza kufika kwao zote, au zisifike. Sisi hatukuwa na namna ya kujua, na hata shemeji mwema hubadilika.

Hata arbuni hatukuweka, ingawa shemeji aliiomba ili ajue hatutaghairi. Jumhuri ya wanavyuoni, na Mashafii miongoni mwao, hawaikubali arbuni inayopotea iwapo mnunuzi ataghairi. Tukamwacha mjane huru kumwuzia mwingine akipata bei bora, nasi tukawa huru vilevile. Twaandika kwa ukavu sasa, lakini njiani kurudi Mombasa hapakuwa na mazungumzo mengi garini. Kaka yetu alisema tumekwenda kununua gari tumerudi na fatwa.

Mama alitusikiliza hadi mwisho. Akauliza watoto wa yule mama ni wangapi. Tukamwambia. Akasema, "Basi ngojeni," akaomba aletewe picha za pacha.

Kwa faida ya msomaji aliye na gari la marehemu uani, na majumba mengi ya Pwani yanayo, njia aliyoipita mjane ni hii. Alianza kwa chifu, aliyempa barua ya kuwataja warithi. Akaomba mahakamani Kitui. Kwa kuwa watoto ni wadogo na mali yao itashikwa kwa amana, sheria ilitaka wasimamizi wasiopungua wawili, akaingia yeye na shemeji yake. Ombi likatangazwa katika Gazeti Rasmi la serikali kwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Baada ya kupewa usimamizi ilibidi ingojewe miezi sita kabla ya kuthibitishwa, na hati hiyo ya uthibitisho ndiyo inayotakiwa ili gari litoke katika jina la marehemu. Waislamu wakikubaliana wote hupeleka mirathi yao kwa Kadhi. Kwa jumla ilichukua miezi kumi na mmoja.

Katika miezi hiyo tulishughulika na karatasi nyingine. Tulitafuta rekodi ya gari kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, tukaona hapana jina la pili la mkopeshaji, kwani logibuku nyingi nchini zimewekwa rehani na wenyewe hawasemi. Tukatazama pia daftari la dhamana za mali inayohamishika, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017. Na palikuwa na jambo mahsusi la magari ya watalii: kampuni huweza kuyaingiza kwa msamaha wa ushuru chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, lakini likiuzwa kwa matumizi mengine ushuru hudaiwa. Mjane alipekua faili za mumewe siku mbili akaipata stakabadhi, imekunjwa ndani ya kitabu cha ndege wa Tsavo. Marehemu alikuwa ameihakikisha kabla ya kulipa. Hata matumizi ya gari alikuwa amekwisha kuyabadilisha kutoka la abiria kuwa la binafsi.

Bei nayo haikubaki pale pale. Giaboksi lilipofunguliwa lilikuwa na maradhi zaidi ya gia ya tatu, na wasimamizi wote wawili wakakubali kutupunguzia elfu thelathini. Tulilipa kwa benki, katika akaunti waliyoifungua kwa ajili ya mirathi, mbele ya mtoto mkubwa, ambaye sasa yuko kidato cha tatu na alitaka kuona risiti. Tukampa aisome.

Matengenezo yalikula karibu laki moja na sitini: magurudumu matano, shoki, bushi, mpira wa paa, giaboksi, betri mbili, moja ya injini na moja ya taa na feni ili feni ya usiku isituzuie kuondoka asubuhi. Tangi la maji tuliliweka la lita 40 tu. Lita moja ni kilo moja, na kila kilo hubebwa na chuma kikuukuu. Anayeona ni kidogo na akumbuke kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitia udhu kwa mudi moja, isiyofika lita. Ni sisi wa mifereji tuliozoea kumwaga. Choo ni ndoo yenye kifuniko kizito na kiti juu yake, nyuma ya pazia. Hilo pazia ndilo kitu pekee ambacho Mama alitaka kulichagua mwenyewe, na alilichagua kwa siku tatu.

Tuliondoka Mombasa baada ya Alfajiri, mwezi wa Shawwal. Sheria humtaka kila abiria akae kitini na kufunga mkanda gari likitembea, nasi tulimwekea kiti kinacholala nyuma kidogo. Kila baada ya saa moja na nusu tuliegesha, akapanda kitandani akanyoosha mgongo nusu saa. Voi alikunywa maji gilasi mbili bila kuulizwa. Mtito Andei tuliinua paa, akasali amesimama, jambo ambalo hakulifanya katika safari kwa miaka mingi. Tulifika Kitui jioni, baada ya saa kumi na mbili za njiani, mwendo ambao basi hulitia aibu.

Kabla ya kwenda kwa bintiye aliomba tupite chini ya ule mwembe. Mjane alitoka, wakasalimiana kwa mikono miwili. Yule mtoto mkubwa alilizunguka gari, akainama kuyatazama magurudumu, kisha akamwuliza fundi kama gia ya tatu bado inachomoka. Fundi akampa ufunguo, akamketisha kando yake mahali pa dereva, injini ikiwa imezimwa, akamwambia aiingize mwenyewe.